Mvumo wa Masikio



Ndugu Waislamu, yako maradhi ambayo mwenye nayo huyasikia peke yake, nayo ni kuvuma kwa masikio. Mtu ameuzoea mlio mdogo; mara usiku mmoja ukazidi kama nyenje elfu, akakesha. Wako wasemao kuwa anasengenywa, au ni jini. Tuyaache hayo. Mara nyingi chanzo ni kudhoofika kwa usikivu, kwa uzee au kwa makelele. Hofu huuzidisha, nao ukizidi, hofu nayo huzidi.

Mimi mwenyewe nimo katika mtihani huu. Zamani ukinipanda nilikuwa nikijifungia chumbani kimya, nikiusikiliza, nikazidi kuteseka. Siku hizi hufungua dirisha nisikie upepo minazini, au huwasha redio kwa sauti ndogo, nikavuta pumzi taratibu huku nikileta dhikri. Aghalabu hupungua wenyewe. Nanyi watu wa nyumbani, msimwambie mgonjwa, "Mbona sisi hatusikii?"

Usitie kijiti sikioni. Na sikio likiacha kusikia ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kutafuta dawa ni katika mafunzo ya Mtume wetu, wala hakuondoi tawakali.

Ama aliyeniuliza juu ya Sala: mvumo hauibatilishi. Njoo msikitini, na usipoisikia sauti ya imamu, wafuate kwa macho walio safu ya mbele yako.