MBWA MGENI NA MBWA MWENYEJI

Mazungumzo kwa Wenye Kufuga Mbwa

Wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Neno hilo lilisemwa kwa habari ya ng'ombe, lakini kila aliyepata kuleta mbwa wa pili nyumbani kwake ajua ya kuwa lawahusu mbwa pia. Mbwa wa kwanza amelinda mlango kwa miaka mingi. Ana mahali pake pa kulala, ana bakuli lake, na ana watoto wa nyumba aliowazoea. Siku moja bwana wake arudi kutoka sokoni na mbwa mwingine, amfungua katikati ya ua, kisha angojea wapendane. Kabla maji ya chai hayajachemka, wameumana.

Kosa hilo si la mbwa. Yeye hakuambiwa kwamba mgeni ameletwa kumsaidia kazi. Alijualo ni kwamba yampasa kumzuia kila mgeni asiingie, na kwa ajili hiyo amesifiwa siku zote. Je, ni haki apigwe leo kwa kutenda lile alilosifiwa jana?

Wako wasemao kwamba ugomvi wa mbwa ni jambo dogo. Sivyo. Mbwa asiyepatana na mwenziwe mara nyingi hufukuzwa, akawa mzururaji wa njiani ambaye hakuna mtu wa kumpeleka kuchanjwa. Na katika kila watu 100 wanaopatwa na kichaa cha mbwa duniani, wapatao 99 wameambukizwa na mbwa. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, ni nadra sana kupona. Katika nchi ya Kenya ugonjwa huo ulithibitishwa kwa mbwa mara ya kwanza mwaka 1912, karibu na Nairobi. Na mwaka 2014 serikali ilitangaza mpango wa kuuondoa kabisa ifikapo mwaka 2030, kwa kuchanja mbwa wasiopungua 70 katika kila 100. Basi amani ya mbwa wawili uani yaigusa afya ya jirani wote.

La kwanza ni afya. Kabla mgeni hajakutana na mwenyeji, yafaa apelekwe kwa daktari wa mifugo apate chanjo ya kichaa, dawa ya minyoo na dawa ya kupe na viroboto. Ikiwa alikotoka hakujulikani vema, akae mbali na mwenziwe kwa muda wa majuma mawili hivi, aangaliwe kama anakula, kama anakohoa, na kama anahara. Uko ugonjwa wa kuhara damu uuao watoto wa mbwa kwa upesi sana, na chanjo yake ipo.

La pili ni harufu. Mbwa huujua ulimwengu kwa pua kuliko kwa macho. Katika siku hizo za kutengana, gunia alilolalia mgeni lipelekwe kwa mwenyeji, na la mwenyeji kwa mgeni. Hivyo, siku watakapoonana, watakuwa wamekwisha kujuana nusu.

La tatu ni mahali pa kukutania. Wasikutanishwe uani wala mlangoni, bali mahali pasipo pa mmoja wao, kama vile njia ya shambani au uwanja wa soko siku isiyo ya soko. Watu wawili wawashike kwa kamba, kila mtu mbwa wake, nao watembee upande mmoja, wakiachana hatua kama kumi, na kukaribiana kidogo kidogo. Kamba iwe legevu, kwa maana kamba iliyokazwa humwambia mbwa kwamba kuna hatari. Wakinusana, iwe kwa muda mfupi, kisha waitwe waendelee na safari.

Hapo mwenye mbwa na atazame. Mwili ukiwa laini, au mbwa akiinamisha kifua huku ameinua kiuno, huyo ataka kucheza. Lakini mwili ukiwa mkavu kama mti, macho yakikazwa, na nywele za mgongo zikisimama, watenganishwe mara moja bila kelele. Mkia kutikisika si furaha kila mara. Mkia ulioinuliwa juu na kutikiswa kwa ugumu ni onyo. Tena mbwa asipigwe kwa kunguruma. Kunguruma ndiko kusema kwake, na aliyefundishwa kunyamaza aweza kuuma pasipo kuonya.

La nne ni chakula. Kila mmoja ale peke yake, mbali na mwenziwe, na mifupa isitupwe kati yao. Mwenyeji asinyang'anywe mahali pake pa kulala ili apewe mgeni. Akiwa mzee, na mgeni akiwa mtoto mwenye kuchezacheza mchana kutwa, apate pembe ya kupumzikia asipoweza kusumbuliwa. Wasiachwe pamoja bila mtu wa kuwaangalia mpaka utulivu wao umethibitika.

Wakipigana, mtu asitie mkono kati yao, na watoto wasikaribie kabisa. Wamwagiwe maji, ama pagongwe sufuria kwa nguvu, ama uingizwe ubao kati yao. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama mbwa ni wa nyumbani. Asingojee dalili, kwani zikija wakati umekwisha kupita.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini kwa mbwa jembe hilo huenda likangoja. Wengine huzoeana kwa siku chache, wengine kwa majuma, na wengine kwa miezi. Mwenye subira atapata walinzi wawili wasikiao mlango mmoja usiku. Na siku ya chanjo itangazwapo katika kata yake, na awapeleke wote wawili, kila mmoja na kamba yake.