MAZUNGUMZO: AFYA YA MAMA NA SISI WATU WA RELI



Leo hatusemi mambo ya mshahara. Twasema habari za wake zetu walioko Kitui na Makueni, wakati sisi tuko njiani, leo Mtito Andei, kesho Mombasa.

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya tumbo la uzazi, mahali apitapo mtoto akizaliwa. Hubadilika kwa sababu nyingi: umri, mimba, kuzaa, na hata dawa za kupanga uzazi. Mengi ya hayo si ugonjwa. Lakini kisonono na klamidia huuvimbisha na kuutoa usaha. Hapo mume na mke hutakiwa kutibiwa wote wawili. Tena kuna kirusi kiitwacho HPV. Miili ya watu wengi hukishinda. Kikikaa, huharibu mlango polepole, pengine miaka 10 hadi 20, mpaka iwe saratani. Kwa mama mwenye virusi vya ukimwi mambo huenda upesi zaidi.

Ndugu, mwanamume hukichukua kirusi hicho bila kuumwa wala kuona alama yo yote. Basi tusiseme mama amerogwa, wala tusimtukane. Sisi tulalao mbali na nyumbani tujiulize kwanza.

Sisi twajua kuwa reli haingojwi ivunjike ndipo ikaguliwe. Na mama ni vivyo hivyo. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango. Palipoharibika hugeuka peupe, na huweza kutibiwa kwa baridi kali au kwa joto kabla saratani haijaingia. Shirika la Afya Duniani lashauri kipimo tangu miaka 30, na miaka 25 kwa mwenye virusi vya ukimwi. Lakini akiona damu baada ya kulala na mumewe, au baada ya hedhi kukoma kabisa, au uchafu wenye harufu, asingoje umri wala siku.

Kuna na chanjo. Kitui ilitangulia kwa majaribio mwaka 2013, na Oktoba 2019 ikaenea Kenya nzima. Binti zetu wa miaka 10 hadi 14 wapate.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu:

1. Kila mwanachama ampe mkewe nauli na ruhusa ya kwenda kupimwa.
2. Binti zetu wachanjwe.
3. Halmashauri iwaombee dada wafanyao kazi nasi siku moja ya kupimwa, bila kukatwa mshahara.

Tukidai haki kazini, na nyumbani tuitimize.