Ufunguo wa Kasha
(Mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya Kamati, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, Kibirizi, Kigoma)



Wengine watasimama hapa kueleza hisa, mikopo na faida. Sisi wa Kamati tumepewa mada isiyo tamu sana, nayo ni wizi wa pesa kwa njia ya kadi za benki na simu. Tumeikubali kwa sababu moja. Katika miaka kumi hii kasha letu halijavunjwa hata mara moja, lakini pesa yetu imewahi kuibiwa.

Hebu tuanze na hilo kasha. Wote mnalijua: lina kufuli tatu, na funguo zake wanazishika akina mama watatu wa nyumba mbalimbali. Mmoja akiugua, kasha halifunguki mpaka ufunguo wake uletwe. Tuliweka utaratibu huo kwa kuwa binadamu ni binadamu, wala si kwa kutoaminiana.

Sasa kadi ya benki nayo ni kasha, na simu yenye pesa ni kasha. Tofauti ni kwamba makasha hayo yana kufuli moja tu, na ufunguo wake ni namba ya siri. Anayekuuliza namba hiyo, hata awe na sauti ya upole namna gani, amekuomba kasha zima.

Lililotupata

Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, biashara yetu hapa mwaloni imekuwa nyepesi. Zamani pesa ya dagaa ilisafiri na mtu, kwa treni au kwa basi, na wewe ukakaa unasubiri. Siku hizi mteja wa Tabora au Dar es Salaam anatuma kabla jua halijawa kali. Lakini njia inayoleta pesa upesi, ndiyo hiyo hiyo inayoiondoa upesi.

Mwaka 2022, zikiwa zimebaki wiki chache tugawane, sehemu ya michango ilikuwa kwenye simu ya mweka hazina wetu. Haya tunayasema kwa ruhusa yake mwenyewe, na yupo hapa tumeketi naye. Asubuhi mitumbwi imeshusha, yeye anaanika dagaa, simu ikalia. Mpigaji akamtaja kwa majina yake kamili. Akasema anatoka huduma kwa wateja, laini imesajiliwa vibaya, itafungwa saa hiyo hiyo asipohakiki. Akamwuliza salio ni kiasi gani. Akamwelekeza abonyeze hapa, kisha hapa, aandike namba fulani, kisha aandike "namba ya uhakiki" ambayo ni 412000, amalizie na namba yake ya siri.

Jamani, ile haikuwa namba ya uhakiki. Ilikuwa shilingi 412,000, jasho letu, na yeye mwenyewe alikuwa anamtumia mwizi kwa mkono wake.

Mtauliza, yule mtu alijuaje majina yake? Ni rahisi. Ukitaka kumtumia mtu pesa, kabla hujakamilisha, simu inakuonyesha jina la mwenye namba. Tapeli anajaribu kutuma, anasoma jina, anaghairi. Kwa hiyo kujua jina lako si ushahidi kwamba anatoka ofisini.

Alipoona salio limekwisha, dada yetu aliogopa. Hakutuambia siku ile, wala kesho yake. Siku nne alihangaika peke yake, akauza mawese aliyokuwa ameweka akiba ili ajaze pengo. Siku ya mkutano hesabu ikakataa. Basi yakaanza maneno: eti amezila, eti ndiyo maana mwanawe kanunuliwa sare mpya. Wapo waliotaka kikundi kivunjwe siku ile ile.

Ndipo akasimama akaeleza yote. Na alipomaliza, mama mmoja wa nyuma akainua mkono akasema, "Mimi huyo mtu alinipigia wiki iliyopita, kwa maneno hayo hayo. Akanilia elfu sitini. Niliona haya kusema." Akafuata mwingine.

Ndugu zetu, hapo ndipo tulipojifunza somo la leo. Yule wa kwanza angesema, mweka hazina angeitambua sauti. Na mweka hazina angesema saa ile ile, pengine pesa ingezuiliwa kabla haijatolewa kwa wakala. Tapeli alikuwa na mshirika ndani ya kikundi chetu, na mshirika huyo ni aibu.

Tulikwenda kituoni, tukafungua jalada. Tulipata kuambiwa kwamba laini ile imesajiliwa kwa jina la bibi mmoja mzee asiyejua lolote. Pesa haikurudi. Nusu ilifidiwa na mfuko wa jamii, nusu mwenzetu aliilipa kidogo kidogo kwa mwaka mzima.

Wanavyofanya kazi

Sisi tunaokaa na wavuvi tunajua dagaa wanavyovuliwa. Hakuna anayewafukuza ziwani. Usiku wa giza taa inawashwa, wanajikusanya wenyewe, wavu unawainua. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haina kazi na wavuvi wanapumzika. Tapeli naye ni mtu wa taa. Anahitaji giza, yaani tusijue, na anawasha kitu cha kutuvuta: hofu, tamaa au haraka.

Ujumbe wa "Ile hela tuma kwenye namba hii" umezoeleka Tanzania nzima. Hautumwi kwako peke yako. Unatupwa kwa watu wengi, na miongoni mwao hakosekani mmoja ambaye asubuhi hiyo kweli anadaiwa nauli ya mzigo. Dawa yake ni kumpigia unayemdai au anayekudai kwa namba unayoijua, umsikie.

Upo ujumbe wa "Umepokea", halafu mtu anapiga analia kwamba amekosea, umrudishie. Tazama salio kwanza kwa kuingia mwenyewe kwenye menyu, usiusadiki ujumbe. Na hata kama pesa imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Aliyekosea apige huduma kwa wateja, wao wana utaratibu wa kurudisha.

Tena tuwe waangalifu na vidole vyetu. Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa. Wapo wasajili wa barabarani wanaosema "Mama, haijashika, weka tena," na kumbe kila ukiweka wanasajili laini nyingine kwa jina lako. Huenda bibi yule alipatikana hivyo. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao unaohusika wakaifute.

Kadi ya benki

Kadi tulizo nazo wengi wetu ni za kutolea pesa yetu wenyewe. Kadi ya mkopo, inayotumiwa sana huko Ulaya na Marekani, inachukua kwanza pesa ya benki, na mwenye kadi anaweza kubisha kabla hajalipa. Ya kwetu ikiibiwa, kinachoondoka ni akiba yako papo hapo, na kuirudisha ni safari. Kwa hiyo sisi ndio wa kujihadhari zaidi.

Kadi za zamani zilikuwa na ukanda mweusi tu mgongoni, na wezi waliweza kuunakili kwa kifaa kidogo kilichobandikwa kwenye mashine. Kadi za sasa zina kile kipande cha rangi ya dhahabu, ambacho kila malipo hutoa alama mpya, kwa hiyo kuinakili ni vigumu. Mwizi amehama kutoka kwenye kadi, sasa anamtafuta mwenye kadi. Anasimama nyuma yako kwenye foleni akasome vidole vyako. Au anajifanya msaidizi: "Mama, lete nikusaidie," na anakurudishia kadi nyingine inayofanana na yako. Funika mkono unapobonyeza. Kadi ikikwama, usiondoke mashineni na usipokee msaada wa mpita njia. Mwite mlinzi au mfanyakazi wa benki. Na ile karatasi yenye namba ya siri iliyozungushiwa kadi na kufungwa kwenye pindo la khanga, tunaomba ichomwe leo.

Lipo pia jambo ambalo wengine hawaliiti wizi. Mwaka 2024 ziwa lilipopumzishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, mikono mingi hapa ilikosa kazi. Mikopo umiza ikaingia majumbani, na wapo wakopeshaji waliotaka kadi ya benki na namba ya siri viwekwe rehani. Akina mama, rehani ni baiskeli, ni cherehani. Ukimpa mtu kadi na namba ya siri, yeye ndiye anayepokea malipo yako, wewe unaomba kwake. Mwenye shida aje kwenye kikundi kwanza. Kikundi tulikianzisha kwa ajili hiyo.

La kufanya likikupata

Kwanza, piga simu saa ile ile. Kwa pesa za simu piga 100, huduma kwa wateja. Kwa kadi, piga benki yako wafunge kadi. Namba ya benki imeandikwa mgongoni mwa kadi, lakini kadi ikiibwa namba nayo imekwenda, basi iandike kwenye daftari nyumbani. Pesa ambayo haijatolewa inaweza kuzuiliwa. Ikishatoka kwa wakala, kazi ni kubwa.

Pili, usifute ujumbe wowote. Ujumbe ule na namba iliyotumika vipeleke 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa ajili ya kupokea taarifa za matapeli. Namba zinazothibitika hufungiwa.

Tatu, nenda polisi ukachukue RB. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, lakini sheria haiamki mpaka mtu aigongee mlango. Benki isipokusikiliza, Benki Kuu ina dawati la malalamiko.

Nne, waambie wenzako.

Baada ya lile tukio tuliweka kanuni tatu, na tunazisoma hapa ili vikundi jirani wazichukue wakipenda. Pesa ya kikundi hailali kwenye simu ya mtu mmoja. Inakaa kwenye kasha, au kwenye akaunti ya kikundi isiyotoa mpaka viongozi zaidi ya mmoja wakubali. Kila mkutano unafunguliwa kwa swali moja: "Nani kapigiwa wiki hii?" Na aliyetapeliwa akasema siku ile ile hatozwi faini wala hasemwi. Faini ni ya aliyeficha.

Tangu hapo swali lile linaulizwa kila wiki, na ni mara chache kukosa jibu. Anasimama mmoja, anaiga sauti ya tapeli, sisi tunacheka mpaka machozi. Lakini wakati tunacheka, wote tumeshaisikia sauti hiyo. Atakapompigia mwingine, atakuta taa yake inawaka kwenye mbalamwezi.

Mweka hazina wetu tulimchagua tena, na ufunguo mmoja wa kasha bado anao yeye. Tunapoanza mwaka wa kumi na moja, tunaomba kila mmoja wetu akumbuke kwamba ufunguo wa kasha la chuma tumegawana watatu, ufunguo wa simu na kadi haugawanywi kabisa, lakini habari ya mwizi igawanywe kwa wote, na mapema.