Matimba: Neno Lililorudi Kuwa Nyumba
Mhadhara wa umma, Shinyanga



Neno langu leo ni matimba. Anayeshuka duarani, yaani kwenye shimo la machimbo, hahitaji kuelezwa, ila kwa wengine niseme: ni magogo yanayolazwa kukingama kuta za shimo, yakapachikwa pembe kwa pembe, fremu juu ya fremu, ili udongo usiporomoke. Mdomoni mwa duara, penye udongo laini, hukaa karibu karibu. Chini kwenye mwamba hupungua. Mchimbaji huyakanyaga anapopanda na kushuka, kwa hiyo kinachozuia ukuta ndicho hicho hicho ngazi yake.

Asili ya neno ni Kiingereza, timber. Wapo wanaolipeleka kwa Watsonga wa Msumbiji na Afrika Kusini, ambao kwao matimba ni nguvu. Inavutia, nami ningependa iwe kweli, lakini kufanana kwa sauti hakutoshi. Mgodi wa zamani wa Geita, uliofanya kazi kati ya 1936 na 1966, ulianza chini ya utawala wa Waingereza, na timber ndilo jina lao la miti ya kuegemeza machimbo. Kiswahili kililipokea kama kinavyopokea wageni wengi: kikaliweka katika ngeli ya gogo na magogo, likaendelea na kazi.

Huko lilikotoka lina historia ndefu. Katika Kiingereza cha zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, timber lilikuwa jengo, nyumba. Maana ikashuka: kwanza vifaa vya kujengea, kisha mbao, hadi mti uliosimama msituni ukingoja shoka. Ndugu yake wa Kijerumani, Zimmer, hakushuka hivyo. Hadi leo ni chumba, na Zimmermann ni fundi anayejenga kwa mbao. Wanaisimu huwaunganisha wote wawili na domus ya Kilatini, yaani nyumba. Dhahabu ya Geita ilipogunduliwa mwaka 1898, katika utawala wa Wajerumani, watawala hao walikuwa na neno Zimmer kinywani, kwa maana ya chumba.

Sasa angalieni timber lilivyofanywa huku kwetu. Mchimbaji akisema duara hili lina matimba, hasemi kwamba miti imeletwa. Anasema limejengwa. (Muuza magogo naye huyaita matimba yakiwa bado kwenye lori, lakini huyo ana sababu zake za kibiashara.) Neno lililokuwa nyumba likawa mti, duarani limekuwa nyumba tena. Mimi nasimama upande wa wachimbaji: duara ni jengo, na jengo lina mjenzi anayewajibika.

Mjenzi huyo ni nani? Mara nyingi mwenye duara ndiye anayegharamia chakula, baruti na matimba, kisha mawe yakitoka hugawanywa. Matimba hayaongezi hata gramu moja kwenye mizani, ndiyo maana kishawishi cha kuachanisha fremu hakiishi. Tangu Machi 2019 Geita ina soko la dhahabu, na kila gramu inayofika pale hupimwa na kuandikwa. Nafasi kati ya fremu na fremu haipimwi kwa bidii hiyo. Oktoba 2015 huko Nyangarata, Kahama, shimo lilifunga watu. Watano walitolewa hai baada ya siku 41. Nchi nzima ilizungumza juu ya mende ambao watu hao waliwala. Kilichoziba njia yao tulikizungumza kidogo mno.

Mniulize kwa nini basi tusitumie chuma. Chuma ni imara, tena hakiozi kama gogo linalokaa kwenye unyevu na joto la shimoni. Lakini gogo likilemewa hulia kabla ya kuvunjika. Nyuzi zake hukatika moja moja, na mzoefu akisikia hutoka bila kuuliza. Naomba wahandisi wetu wasiudharau ujuzi huo wa masikio.

Gogo lenyewe linatoka wapi? Katika misitu ya miombo, na hapo sisi wa Shinyanga tuna la kusema. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986, mkoa ukiwa umekaribia kuwa jangwa, na ngitili za wafugaji, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa, zikarudisha miti kwa kuachwa tu zipumzike. Zilihitaji miongo. Leseni ya uchimbaji mdogo hudumu miaka 7, na hakuna mti wa miombo unaofikia unene wa timba katika miaka 7. Anayekata leo kwa leseni yake hatauona mche wake ukifaa kazi, labda aihuishe leseni hiyo zaidi ya mara moja. Kwa hiyo ombi la leseni lioneshe, pamoja na mipaka ya eneo, matimba yatatoka shamba la nani.