Punguzo la Ndege ya Rais

Msikilizaji, Mei 2024 Rais William Ruto wa Kenya alikwenda Marekani kwa ziara ya kitaifa, heshima ambayo kiongozi wa Afrika hakuwa ameipata tangu John Kufuor wa Ghana mwaka 2008. Alitua Atlanta kwa Boeing ya kifahari iliyokodiwa kwa kampuni ya Royal Jet ya Abu Dhabi. Huku nyumbani Mswada wa Fedha ulikuwa mezani, na ndani yake pendekezo la kuutoza mkate kodi ya asilimia 16. Wakenya wakauliza: ndege ile imelipiwa ngapi?

Magazeti yalikadiria karibu shilingi milioni 200. Rais akajibu kwanza kwamba gharama ilikuwa chini ya kusafiri na Kenya Airways (KQ). Kisha, katika maombi ya kitaifa mwishoni mwa mwezi huohuo, akasimulia mapatano yenyewe. Aliambiwa ndege ya bei nafuu kabisa ni milioni 70, naye akaagiza akatiwe tiketi ya KQ. Marafiki waliposikia wakamuuliza yuko tayari kutoa kiasi gani. Akasema hazidishi milioni 20. Wakamwambia alete 10.

Masimulizi hayo yanastahili kupimwa kwa uzito wake, kwa sababu bei ya kukodi ndege kweli hupatanwa. Mwenye ndege huanza na malipo ya kila saa ya kuruka. Juu yake huja ada za kutua na kuegesha, vibali vya kupita anga za nchi nyingine, malazi na posho za marubani. Lakini gharama ambayo wengi hawaioni ni safari tupu. Ndege inayolala Abu Dhabi lazima ije Nairobi bila abiria, na kazi ikiisha irudi kwao bila abiria, na saa hizo zote huandikwa kwenye ankara ya mkodi. Hapo ndipo anayejua kupatana hupata pa kushika. Huuliza kama kuna ndege inayorudi tupu upande anaokwenda yeye. Husogeza siku ya safari. Huomba bei kwa mawakala kadhaa, kisha hudai mchanganuo wa kila malipo kabla ya kutia saini. Punguzo linalopatikana hivyo lina sababu, na sababu hiyo inasomeka kwenye karatasi.

Je, punguzo la kutoka milioni 70 hadi 10 lina sababu gani? Kwa thamani ya shilingi wakati ule, milioni 10 ni kama dola 76,000. Kutoka Nairobi hadi Atlanta ni zaidi ya kilomita 12,000, hiyo ni kwenda tu. Boeing ya ukubwa ule huchoma zaidi ya tani 2 za mafuta kwa saa. Hesabu kwenda na kurudi, ongeza safari tupu za Abu Dhabi, na mafuta peke yake yanaikaribia milioni 10 kabla rubani hajalipwa hata senti. Hakuna mwenye ndege anayefanya biashara kwa bei hiyo. Basi ama yupo aliyelipa tofauti, ama mwenye ndege aliisamehe.

Sisemi Rais alidanganya. Nasema kwamba tukiyakubali maneno yake kama alivyoyatamka, kilichotokea kinaitwa zawadi. Na Katiba ya Kenya, Kifungu cha 76, inasema zawadi anayopewa afisa wa serikali katika shughuli ya umma ni zawadi kwa Jamhuri. Kwa hiyo ile milioni 60 iliyopunguzwa walipewa Wakenya wote, na mtu akipewa kitu ana haki ya kumjua aliyempa. Muuza nyanya akikuongezea mbili, kesho hakudai. Lakini serikali ndiyo inayotoa leseni, ndiyo inayogawa kandarasi, na anayeisamehe mamilioni anaweza kubisha hodi siku yoyote.

Wazo la kwanza la Rais, la kupanda KQ, lilikuwa jema na angelishikilia. Shirika hilo linaruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York tangu Oktoba 2018, na karibu nusu ya hisa zake ni za serikali. Kama ilikuwa lazima kukodi, Kifungu cha 227 kinaitaka serikali inunue huduma kwa njia ya haki, ya wazi na ya ushindani. Mazungumzo na marafiki hayaingii humo, hata yakileta bei ya chini kuliko zote.

Kwa hiyo Ikulu iweke hadharani ankara, mkataba, na jina la aliyefidia tofauti. Nawe msikilizaji uliye raia wa Kenya, usingoje wabunge wakuulizie. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na afisa anayelipokea ana siku 21 za kulijibu. Andika.