Simu Moja, Vyombo Vingi: Mazungumzo juu ya Kugawana Intaneti Ghalani

Mazungumzo yaliyosomwa Ngulyati mbele ya wanachama na maofisa, katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Tumeombwa tuseme machache juu ya simu ya mtu mmoja inavyoweza kuwapa intaneti watu wengine walio karibu naye. Vijana huliita jambo hili hotspoti; katika simu zilizotiwa lugha yetu limeandikwa "mtandao pepe". Twajua wako kati yenu watakaonung'unika kwamba hayo ni mambo ya vijana wanaotaka kutazama mpira. Twawaomba mtuvumilie, kwa maana jambo hilo limekwisha kuingia ghalani, na limekaa karibu sana na mizani.

Na mizani, wazee wetu, mwaijua habari yake kutushinda. Katika miaka ya 1950 malalamiko makubwa ya mkulima wa pamba katika Jimbo la Ziwa hayakuwa juu ya mvua wala wadudu, bali juu ya mshale wa mizani uliosomwa na mtu mwingine. Wakulima walidai awepo mtu wao wa kusimama kando ya mizani na kuusoma mshale ule kwa sauti. Katika dai hilo ndimo ulimoota ushirika wa Kanda hii, hata mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Yaliyofuata mwayajua: vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, vikayumba tena biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi katika miaka ya 1990. Hatuyarudii hayo kwa sababu ya sherehe. Twayarudia kwa kuwa lile dai la mtu wetu kando ya mizani bado liko pale pale. Ila mizani yenyewe imebadilika.

Leo mshale umekwenda na tarakimu zimekuja. Vyama hupeleka taarifa zake kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa njia ya mfumo uitwao MUVU. Majina ya wanachama, kilo na fedha huandikwa katika kishikwambi au kompyuta. Pamba ya Ngulyati hupimwa Ngulyati, lakini hesabu yake huhifadhiwa mbali, mahali ambapo hapana mmoja wetu aliyepata kupaona. Kati ya ghala na mahali hapo pana uzi mwembamba, nao ni intaneti. Katika vituo vingi tulivyovipitia uzi huo hautoki katika ofisi yoyote. Watoka mfukoni mwa karani.

Sasa tueleze chombo chenyewe. Simu janja huteka intaneti mnarani kwa laini iliyolipiwa bando. Ukiiamuru, hugeuka kuwa mnara mdogo: huipokea intaneti kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huigawa kwa mawimbi ya Wi-Fi, ambayo kanuni zake za kwanza zilitangazwa mwaka 1997. Simu za Android zilipewa uwezo huu katika toleo la 2.2 la mwaka 2010, yaani mwaka mmoja baada ya waya wa kwanza wa chini ya bahari, ule wa Seacom, kufika Dar es Salaam. Simu nyingi huweza kuhudumia vyombo 8 au 10 kwa wakati mmoja. Si uchawi, wala si intaneti ya bure. Ni kisima cha mtu mmoja ambacho majirani wameleta madumu yao, na kila dumu lijaalo hupunguza kisima.

Jambo la kwanza linalowasumbua makarani wetu ni mabati. Ghala lililoezekwa kwa bati, na pengine kuzungushiwa bati, huyazuia mawimbi kama lizuiavyo mvua. Karani huketi ndani karibu na mizani, simu i mezani, akangoja, akaona alama ya mnara imebaki kijiti kimoja, akailaumu kampuni ya simu. Wakati huo huo simu yake yapiga kelele kwa nguvu zake zote ili mnara uisikie, na betri yaisha kabla ya adhuhuri. Dawa yake ni nyepesi, na hapo ndipo ulipo ubora wa hotspoti: simu si lazima ikae alipo karani. Iwekwe dirishani au mlangoni, upande uelekeao mnara, kivulini, nayo itaukamata mnara vizuri. Kishikwambi kibaki ndani hatua 10 au 15, kipokee kutoka simuni. Mawimbi ya Wi-Fi ya aina ya gigahezi 2.4 huenda mbali na hupenya ukuta kuliko yale ya gigahezi 5, ijapokuwa haya ya pili ni mepesi zaidi kwa kasi. Kwa kazi ya ghalani chagueni 2.4, tena vishikwambi vingi vya bei ndogo havijui nyingine.

Itazameni pia herufi iliyo juu ya kioo cha simu. Ikiwa ni 4G, kazi itakwenda. Ikiwa ni E peke yake, hapana hotspoti itakayowafaa, maana huwezi kugawa usichonacho. Mwezi Mei 2023 Serikali, kwa njia ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilitia sahihi mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za nchi hii, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini mnara ulio katika kata si sawa na mnara uonekanao kutoka kila ghala la kata. Yafaa kila chama kipime kwa simu za makampuni mbalimbali, mlangoni pa ghala lake, kabla msimu haujafunguliwa, ndipo kinunue laini. Tumeona vyama vinavyonunua laini kwa mazoea ya katibu.

Joto nalo lisidharauliwe. Simu inayogawa intaneti hupata moto, na ikiachwa juani hujizima yenyewe. Isichajiwe juu ya robota wala karibu na pamba iliyomwagwa. Hili hatutalieleza zaidi; kila mtu hapa ajua pamba na moto vinavyopatana.

Sasa twaja kwenye bando, na hapa twaomba mtusikilize kwa makini, kwani hapa ndipo fedha za watu zilipopotelea. Katika kituo kimoja, ambacho hatutakitaja, karani alinunua bando la juma zima kwa fedha yake, akawasha hotspoti asubuhi ya siku ya kupima. Kufika saa nne intaneti ikakatika. Alidhani mfumo umeharibika. Kumbe vijana waliowaleta wazazi wao kwa mikokoteni walikuwa wamelipata neno la siri, wakatazama video kivulini. Na kishikwambi chenyewe, kilipoona Wi-Fi, kilianza kujitengeneza upya na kupakua mambo yake bila kuulizwa. Wakulima waliopimiwa baada ya hapo hesabu zao hazikutumwa siku ile. Malipo yalipokuja wenzao walilipwa, wao wakarudi nyumbani mikono mitupu, na maneno yaliyosemwa kijijini juu ya karani yule si ya kurudiwa mbele ya wageni. Hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyeubeba ushirika wote kwa bando lake.

Fahamuni sababu. Kumbukumbu ya mkulima mmoja, yaani jina, namba na kilo, ni kitu kidogo mno. Kwa kawaida ni kilobaiti chache, na megabaiti moja ni kilobaiti elfu. Lakini saa moja ya video hula megabaiti mamia, na ile ya picha safi hufika gigabaiti nzima na kuzidi. Kisa kingine ni kwamba vishikwambi na kompyuta zimefundishwa kuamini kuwa Wi-Fi ni ya bure au haina kipimo, kama ilivyo mijini. Ndiyo sababu huchagua saa hiyo kupakua matoleo mapya na kupeleka picha huko ziendako. Chombo hakijui kuwa Wi-Fi hii ni jasho la karani. Yapasa kiambiwe: katika mipangilio ya kishikwambi mna mahali pa kukieleza kuwa mtandao huu hulipiwa kwa kipimo, nacho hukaa kimya. Simu nayo, zilizo nyingi, huweza kuwekewa kikomo, ikifika megabaiti kadhaa ijifunge. Na ikiwa ni kompyuta moja tu itumikayo, waya wa USB wafaa kuliko Wi-Fi: hauna neno la siri la kuibwa, na simu huchajiwa humo humo.

Neno la siri lisiwe 12345678, wala jina la kijiji, wala mwaka wa chama. Lisiandikwe ukutani kwa mkaa, kama tulivyoona mahali fulani. Hatusemi hivi kwa uchoyo wa bando peke yake. Laini yenu imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA ya mtu. Lolote litendwalo na aliyejiunga kwenye hotspoti hiyo, kwa nje laonekana limetoka kwenye laini hiyo. Mtu akituma matusi au utapeli kwa intaneti yako, wa kwanza kuulizwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ni wewe. Yafaa kila mwanachama apige *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, wengine watastaajabu.

Tena kishikwambi cha chama kimebeba majina, namba za simu na fedha za wanachama. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi yatumika katika nchi hii, na chama ni mtunzaji wa taarifa hizo kama kilivyo mtunzaji wa sanduku la fedha. Mnawajua wale watumao ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Mtu wa namna hiyo akiyapata majina ya watu waliolipwa pamba jana, na kiasi cha kila mmoja, hatahitaji kubahatisha. Hivyo kishikwambi cha chama kisijiunge na hotspoti ya mpita njia hata akiwa mkarimu namna gani, na hotspoti ya chama isimpokee asiyehusika.

Hapa tusahihishe dhana moja iliyoenea. Baadhi ya akina mama wametuambia kuwa hukaa karibu na simu ya karani siku ya malipo ili "fedha iingie". Fedha ya simu itumwayo kwa kupiga nyota na tarakimu haipiti katika intaneti. Hupita katika mtandao wa simu ya kawaida, hata ya kitochi. Mama mwenye kitochi hahitaji hotspoti ya mtu yeyote kupokea fedha yake wala kutazama salio lake. Akiambiwa na yeyote kwamba lazima "aunganishwe" kwanza na atoe namba yake ya siri, ajue hapo pana mtego, na amwite mjumbe wa bodi papo hapo.

Lakini mama huyo huyo, au mwanawe mwenye simu janja isiyo na bando, ana haki ya jambo lingine, nalo ni kuiona hesabu yake ilivyoandikwa huko mbali, kabla hajaondoka ghalani. Twaona hii ndiyo kazi bora ya hotspoti ya chama kuliko zote. Kwa dakika mbili mkulima aonyeshwe jina lake na kilo zake juu ya kioo, azilinganishe na karatasi aliyopewa mkononi. Baba zetu waliweka mtu kando ya mizani kuusoma mshale. Sisi twaweza kuweka kioo. Nayo karatasi isiondolewe. Wako maofisa wasemao kuwa mambo yakiwa ya kidijitali stakabadhi ya karatasi ni mzigo. Hatukubaliani nao. Siku intaneti ikikatika, karatasi ndiyo shahidi pekee asiyehitaji mnara.

Kwa hayo, Bwana Mwenyekiti, twaleta hoja kwa vyama vyote vya msingi, ijadiliwe katika mikutano mikuu kabla msimu haujafunguliwa. Bando liingizwe katika makisio ya matumizi ya chama, kama ziingiavyo kamba na turubai, wala karani asilinunue tena kwa fedha yake. Simu ya kugawia intaneti iwe mali ya chama, na laini isajiliwe kwa jina la chama. Neno la siri libadilishwe kila baada ya siku ya malipo na lijulikane kwa watu watatu tu. Na kila jioni ya kupima, karani asome mbele ya mjumbe mmoja ni kumbukumbu ngapi zimeandikwa karatasini na ngapi zimetumwa. Zikipishana, ghala lisifungwe mpaka ijulikane ni za nani.

Twajua mtauliza gharama. Vyama vingine vitaona ni nyingi, hasa vile vyenye kituo kimoja na pamba kidogo. Hivyo vyaweza kushirikiana simu na jirani ikiwa siku zao za kupima hazigongani. Mweka hazina wa Chama Kikuu ameahidi kuzisikiliza hesabu zao leo hii baada ya chakula.

Kwa walio na simu janja, vijana wetu wawili wameweka meza upande wa kaskazini wa ghala, penye mnara unaoonekana vizuri. Watawasha hotspoti mbele yenu, wataweka kikomo, na kila karani atafanya mwenyewe kwa mkono wake kabla hajatoka hapa. Neno la siri mtaambiwa kwa mdomo, na litabadilishwa saa kumi.