Mdudu Bapa wa Ghalani na Asili Yake Msituni

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati na watunza ghala wa vyama vya msingi



Nimeombwa nizungumze habari za wadudu waharibifu wa nafaka. Dumuzi na fukusi mmekwisha kuelezwa mara nyingi, na madhara yao mnayajua. Leo naomba tumtazame mdudu mwingine, mdogo na mnyonge wa sura, ambaye wengi wetu humwona kila siku bila kumjali. Na tukimjali, humtwika kosa ambalo si lake.

Huyu ni mbawakawa wa rangi ya kahawia, mwembamba na bapa, mwenye urefu wa kiasi cha milimita 3. Ukimtazama kwa kioo cha kukuzia utaona meno 6 katika kila upande wa kifua chake, mfano wa msumeno. Wataalamu humwita Oryzaephilus surinamensis. Neno la kwanza maana yake ni mpenda mpunga. La pili alipewa na Linnaeus mwaka 1758, kwa kumnasibisha na nchi ya Surinam iliyoko Amerika ya Kusini. Hata hivyo yeye si wa nchi moja. Mabaki yake yamefukuliwa hata katika ghala la zama za Warumi mjini York, Uingereza. Popote binadamu alipoweka akiba, naye alifuata.

Je, kabla ya kuwako maghala, jamaa za mdudu huyu waliishi wapi? Jibu limo katika umbo lake. Ukoo wake, uitwao Silvanidae, una aina zipatazo 500 duniani, na jina hilo lina asili ya neno la Kilatini lenye maana ya msitu. Wengi wao hukaa chini ya magome ya miti iliyokufa, mahali pasipoingia hata ukucha, na ndiyo sababu wakaumbwa bapa. Humo hula kuvu na masalio ya wadudu wengine. Baadhi hukaa katika majani yaliyooza. Katika misitu ya Guyana, mtaalamu wa Kimarekani William Morton Wheeler alieleza mwaka 1921 habari za aina moja iishiyo kwa jamaa ndani ya vikonyo vya majani ya mti uitwao Tachigali. Mbawakawa hao huwapapasa vidung'ata kwa vipapasio vyao ili wapate maji matamu, kama mfugaji akamuavyo ng'ombe. Nako Hawaii, aina iitwayo Cathartus quadricollis huonekana katika buni zilizokaukia mtini, ikila mayai na funza wa yule mdudu atoboaye buni. Huko huwa msaidizi wa mkulima wa kahawa.

Basi msidhani kwamba ukoo mzima ni wa adui. Jambo la kukumbuka ni hili: walio wengi huingia pale ambapo mwingine ametangulia kufungua mlango. Gome hawalibandui wao. Hubanduka mti unapokufa. Na ghalani ni vivyo hivyo. Mdudu wa msumeno hana uwezo wa kuitoboa punje nzima na kavu. Hupitia tundu la fukusi, au punje iliyopasuka wakati wa kupukuchua, au hustawi katika chenga na vumbi la unga lililosahauliwa sakafuni. Akikuta joto na chakula, kizazi kipya hukamilika kwa muda wa wiki 3 hadi 4.

Anao ndugu wawili mnaopaswa kuwafahamu. Wa kwanza ni Oryzaephilus mercator, yaani mfanyabiashara, apendaye zaidi mazao ya mafuta: karanga, ufuta, korosho na mbata. Wa pili ni Ahasverus advena, yaani mgeni, ambaye hana meno ya msumeno bali kijino kimoja butu katika kila pembe ya mbele ya kifua. Huyu chakula chake hasa ni kuvu. Mkimkuta kwa wingi katika mahindi, jueni kwamba mahindi hayo, au sehemu fulani ya ghala, ina unyevu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu naye aweza kutuponya tukimsikiliza. Kuvu si suala la bei tu. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 nchini Kenya, na mwaka 2016 ikaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Wala asipoonekana mdudu huyu msiseme kwamba mahindi ni salama. Upimaji hauna badala.

Niruhusuni nikiri kosa langu. Nilipokuwa kijana mtunza ghala, niliona mbawakawa hawa juu ya magunia. Nikapulizia dawa, nikaandika katika daftari kwamba kazi imekwisha. Baada ya mwezi mmoja walirudi wengi kuliko mwanzo. Tulipohamisha magunia tulikuta bati lilikuwa likivuja pembeni, na chini ya chaga palikuwa na chenga za msimu uliopita. Mnunuzi alishusha bei ya shehena yote. Hasara ile iligawanywa kwa wanachama wote, hata wale waliokuwa wameanika mahindi yao barabara na kuyaleta makavu. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, mimi kosa langu ni lipi?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Kwa hiyo nasihi zangu ni chache. Msipokee mahindi yenye unyevu uzidio asilimia 13. Pasipo na kipimo, tikiseni punje pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa kavu: chumvi ikiganda kwenye chupa, mwenye mahindi arudi kuyaanika, hata akiwa ni mjumbe wa kamati. Tengeni punje zilizovunjika. Pangeni magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, mtu aweze kupita na kufagia. Zibeni nyufa na bati kabla ya mvua. Gesi ya kuulia wadudu ifukizwe na waliofunzwa tu. Nayo huua waliomo siku ile, haiachi kinga kwa watakaoingia kesho.

Ndugu zangu, mkimwona mdudu bapa, kabla ya kushika bomba la dawa ulizeni kwanza: ni nani aliyemfungulia mlango? Mara nyingi mlango huo tumeuacha wazi sisi wenyewe, na anayelipa ni mwanachama aliyetuamini.